Mpira wa mkojo unaziba, unanuka, homa inarudi: angalia ukoga kabla ya kununua dawa nyingine

Kama nyumbani kwenu bado kuna birika la chooni, lile la zamani la mawe na chokaa, ingiza mkono kwenye maji alafu pitisha kidole ukutani. Inateleza. Ule utelezi ni ukoga, ndugu ya ule unaoamka nao kwenye meno kabla hujapiga mswaki, na ndio huo huo unaoota ndani ya mpira wa mkojo wa mzazi wako, ule unaopitishwa mpaka kibofuni kushusha mkojo kwenye mfuko. Wataalamu wanauita bayofilamu.

Babangu alikaa na mpira karibu miaka miwili hapa Langoni, Lamu, tezi dume ilikuwa imebana njia na moyo wake haukuwa wa kupelekwa kwenye upasuaji haraka, na mwaka wa kwanza wote tulikuwa tunazunguka palepale: mkojo unanuka, anashikwa na homa, nakimbia duka la dawa, antibayotiki siku tano, anapata nafuu, wiki mbili hazijaisha tumerudi. Mara nne. Kila mara dawa kali zaidi na bei juu zaidi. Hakuna hata mmoja, mimi nikiwemo, aliyeuliza huu mpira umo ndani tangu lini. Mpaka siku moja sista mmoja aliyekuja kumuona jirani akapita kwetu, akamshika mzee paji la uso, akaniuliza, "Mwanangu, mara ya mwisho ulibadilishwa lini?" Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Wiki kumi na moja, na ulikuwa wa lateksi, ule wa manjano wa bei rahisi ambao haufai kupita wiki chache.

Alipoutoa niliomba niuangalie. Nikavaa glavu, nikaupasua kwa urefu na wembe juu ya gazeti pale uani. Ncha yake ilikuwa na ganda jeupe kama chokaa ya tambuu, ukikwaruza linaanguka chengachenga, na ile njia ya ndani ya kupita mkojo, ambayo hata kwa mpira mpya si pana, ilikuwa imebaki kitundu cha sindano. Kuta zake zina ute wa kijivu, ukigusa unavutika kidogo. Harufu yake inachoma macho. Nikasema sasa hizi dawa nilizokuwa nanunua zilikuwa zinaenda kupigana na nini humu?

Bakteria akiwa peke yake anaelea kwenye mkojo ni mnyonge, dawa inampata. Lakini yeye hapendi kuelea. Mpira ukishaingia tu unapakwa na protini za mkojo wenyewe, hapo bakteria anapata pa kushika, anashika, anazaana, alafu wote kwa pamoja wanatoa ute wa sukari na protini unaowafunika. Wale wa chini kabisa hawakui haraka, wako kama wamelala, na dawa nyingi zinamuua bakteria anayekua. Chembe za damu zinazomeza vidudu nazo haziwezi kumeza kitu kilichogandamana vile. Ndio sababu bakteria wa ndani ya ukoga anaweza kuvumilia hata mara 1000 ya kipimo kinachomuua akiwa peke yake, na kipimo hicho huwezi kumpa binadamu. Yani ile nafuu ya siku tano ni kweli, dawa inaua wale waliotoka kuelea ndio maana homa inashuka, lakini kiota kiko palepale na baada ya siku kadhaa kinatoa wengine.

Hili jambo si geni. Mholanzi mmoja wa Delft, Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa, alikwangua ukoga wa meno yake akauangalia kwa lenzi alizojitengenezea na mwaka 1683 akaandikia Royal Society, chama cha wanasayansi kule London, kuhusu vijidudu alivyoviona vikitembea. Baadaye akajaribu kusukutua na siki, akaona waliokufa ni wale wa nje ya ukoga tu, siki haikupenya ndani. Zaidi ya miaka 300 iliyopita, na sisi bado tunasukutua.

Watu wa vyombo wataelewa haraka. Jahazi likiota majani na chaza chini, linapandishwa pwani maji yakipwa, linakwanguliwa, linachomwa moto kwa makuti, linapakwa shahamu upya. Hakuna nahodha anayemwaga dawa baharini akitegemea chaza waanguke wenyewe. Na afadhali ya mpira, huo haukwanguliwi, unatolewa unatupwa, unawekwa mwingine.

Haya, tuanze na dalili moja moja.

MKOJO UNANUKA, MZITO KAMA MAJI YA MCHELE, LAKINI MGONJWA YUKO SAWA

Hii ndio inayopoteza pesa za watu kuliko zote. Mgonjwa anakula, anaongea, hana homa, haumwi tumbo, ila mkojo umechafuka na maabara wamesema kuna bakteria. Bila shaka wapo! Kila siku moja ya mpira kuwa ndani, kuna uwezekano wa kama asilimia 3 mpaka 7 wa bakteria kuingia kwenye mkojo, ukifika mwezi karibu kila mwenye mpira anao. Kuwepo kwa bakteria si ugonjwa. Ukimpa antibayotiki hapa humtibu kitu, unawachuja tu, wanyonge wanakufa wanabaki sugu, na siku ya homa ya kweli dawa haifanyi kazi. Tofauti ni mama mjamzito au mtu anayeenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo, hao daktari anaweza kuamua kuwatibu hata bila dalili.

Cha kufanya: maji. Mara nyingi ule uzito na harufu ni mkojo umekolea kwa joto hili letu na mzee anakwepa kunywa kwa sababu hataki mfuko ujae. Lita moja na nusu hadi mbili kwa siku kama daktari hajamkataza kwa sababu ya moyo au figo. Madafu ni mazuri lakini yana potasiamu nyingi, mgonjwa wa figo asipewe mpaka muulize. Na Ramadhani, kama mgonjwa ameshikilia kufunga, zungumzeni na daktari mapema, manake maji ya siku nzima inabidi yaingie kati ya futari na daku na wengi hawayamalizi.

Kisha angalia tarehe ya mpira. Basi.

MKOJO HAUSHUKI

Kabla hujafikiria kitu kikubwa fuata bomba kwa macho na mikono kuanzia mwilini mpaka kwenye mfuko. Amelilalia? Limejikunja chini ya paja? Mfuko umewekwa juu ya godoro sawa na kibofu, wakati unatakiwa uwe chini yake? Mfuko umejaa mpaka unavuta? Choo amepata lini? Choo kigumu kikijaa kinasukuma mpira na kubana njia, mara kadhaa kwa babangu shida ilikuwa hiyo tu, papai na maji na siku ya pili mkojo unatiririka.

Kama yote hayo siyo, na chini ya kitovu pamevimba pagumu na anaumwa, mpira umeziba na hiyo si ya kusubiri asubuhi. Usisukume maji kwa nguvu na sirinji kama nilivyoona watu wanafanya, unaweza kurudisha uchafu wote kibofuni na mgonjwa akaanza kutetemeka mbele yako. Usiuvute, ndani kuna kibaluni, kwa kawaida kimejazwa mililita 10 za maji, ukivuta kikiwa kimejaa utamchana. Wala usiukate ukidhani utajitoa. Mwenye kujua kuubadilisha aitwe au mgonjwa apelekwe.

Sasa kwa nini unaziba na chokaa? Mara nyingi ni bakteria mmoja anaitwa Proteus mirabilis. Huyu ana kimeng'enya kinachovunja urea ya kwenye mkojo kuwa amonia, ndio ile harufu ya kuchoma macho, na amonia inageuza mkojo kuwa wa magadi badala ya uchachu. Mkojo ukishakuwa hivyo, magnesiamu, kalsiamu na fosfeti zilizokuwa zimeyeyuka zinaganda, zinakwama kwenye ute, chembe juu ya chembe mpaka njia inafunga. Kwa hiyo kizibo kile ni ukoga uliogeuka jiwe. Na jiwe likishaanza, vipande vinabaki kibofuni hata mpira ukibadilishwa, Proteus anajificha humo, mpira mpya unaziba haraka kuliko wa zamani. Mgonjwa ambaye mpira wake unaziba kila mara aombe apigwe picha ya kibofu kuangalia mawe, sisi tulichelewa sana kuliuliza hili.

Ndimu inasaidia, na hapa siongelei mambo ya kusikia. Uchachu wa ndimu na limau una sitreti, ikifika kwenye mkojo inashika kalsiamu na kuchelewesha ile chokaa kuganda. Maji mengi yenye ndimu kwa siku nzima, si glasi moja asubuhi. Haiui bakteria wala haitoi ukoga uliokwisha ota, inachelewesha tu, lakini kwetu mpira uliokuwa unaziba baada ya wiki tatu ulianza kufika tano.

Na andika tarehe! Andika kila siku uliobadilishwa na kila siku ulioziba. Ukiona wa babako unaziba kila siku ya 24 au 25, panga ubadilishwe siku ya 21. Ule mpira wa silikoni unaweza kukaa mpaka wiki 12 kwa mtu ambaye haumzibi, na njia yake ya ndani ni pana kidogo kwa namba ileile kwa sababu kuta zake ni nyembamba, ni ghali lakini piga hesabu ya boti na antibayotiki utaona. Kwa anayeziba sana hata silikoni utaziba, hesabu siku zake mwenyewe, usitegemee za kwenye pakiti.

UNAVUJA PEMBENI

Watu wanadhani mpira ni mdogo wanaomba namba kubwa. Sivyo. Namba 16 kwa nje ni kama milimita 5.3 na inatosha watu wazima wengi, kubwa zaidi inaongeza tu kibofu kukasirika na kujikamua. Tafuta kuziba kwanza, kisha choo kigumu, kisha mpira unaoning'inia bila kushikwa na plasta pajani ukawa unavuta kila anapogeuka. Kama yote sawa, mueleze daktari, kuna dawa za kutuliza kibofu.

MFUKO UMEGEUKA ZAMBARAU

Nililetewa habari hii na mama mmoja wa Mkomani, mamake amelala kitandani miezi mingi, asubuhi moja mfuko na bomba vimekuwa zambarau kabisa kama rangi ya kitambaa, na nyumba nzima ikaingiwa hofu, wengine wakaanza kusema ni mkono wa mtu. Hapana jamani. Mkojo wenyewe ukiumimina kwenye kikombe cheupe utaona hauna rangi hiyo, plastiki ndio imetiwa rangi. Chakula chenye protini kina kitu kinaitwa triptofani, kikikaa tumboni muda mrefu kwa mtu aliyefunga choo bakteria wa utumbo wanakibadilisha, ini linakibadilisha tena, kinatoka na mkojo, na bakteria wa ukoga wa ndani ya bomba wanakivunja kinatoka rangi mbili, bluu ambayo ni nili yenyewe, na nyekundu. Zikichanganyika kwenye plastiki ndio zambarau. Huwapata zaidi wanawake, wazee, waliolala muda mrefu na wenye choo kigumu.

Yenyewe si hatari. Ila inakwambia mambo matatu: choo hakitoki, mkojo umekuwa wa magadi, na humo ndani ukoga umekomaa. Shughulikia choo, badilisha mpira na mfuko pamoja, muangalie kama ana homa. Kama hana, hakuna haja ya antibayotiki.

HOMA, KUTETEMEKA, AU MZEE KAANZA KUSEMA MANENO HAYAELEWEKI

Hapa sasa ndio pa kukimbia. Homa ya 38 kwenda juu, kutetemeka mpaka kitanda kinalia, maumivu kiunoni upande wa figo, damu kwenye mkojo, mkojo kupungua sana, kupumua haraka, mwili kulegea. Mzee sana anaweza asipate homa kabisa, unaona tu jana alikuwa anakuuliza habari za bei ya samaki leo hajui yuko wapi. Kuchanganyikiwa peke yake kunaweza kuwa sukari, upungufu wa maji au dawa nyingine, kwa hiyo vipimwe vyote, na malaria ipimwe pia kama kawaida yetu, lakini malaria ikikosekana msirudi nyumbani na panadol.

Mkifika, sema haya, na useme kwa adabu lakini useme: "Daktari, ana mpira wa mkojo, umo tangu tarehe fulani." Kama umezidi wiki mbili na bado anauhitaji, utaratibu mzuri ni kuutoa kwanza na kuweka mpya, alafu mkojo wa kuoteshwa maabara uchukuliwe kutoka kwenye huo mpya, ndipo dawa ianze. Sababu yake ni kwamba ukichukua mkojo kupitia mpira wa zamani unapima wakazi wa ukoga, kunaweza kuota aina tatu nne za bakteria na wengine hawana hatia ya homa hii. Na mkojo wa kwenye mfuko ndio mbaya zaidi, umelala humo masaa mengi bakteria wanazaana, usikubali uchotwe hapo. Kubadilisha mpira kunapunguza kiota, dawa inapata wale waliobaki, na mgonjwa anapona haraka na homa inachelewa kurudi. Wengi wanaopata nafuu haraka wanatosha na siku 7 za dawa. Lakini kama hali ni mbaya kweli, presha imeshuka, hapo dawa haisubiri majibu, damu na mkojo vinachukuliwa na sindano inaanza saa hiyohiyo.

Sisi mara ya tano, baada ya yule sista, ndivyo tulivyofanya. Mpira kwanza. Majibu ya maabara yakarudi na bakteria mmoja, sio wanne kama zamani, na dawa iliyomfaa ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote nilizonunua mwaka ule. Akakaa miezi mitano bila homa.

Kwa nyinyi wa Faza, Siyu, Kizingitini na huko, hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona: mkojo ukiziba usiku na maji yamepwa, ule mkondo wa Mkanda wa kuja Lamu haupitiki, na mgonjwa analala na kibofu kimejaa mpaka maji yajae. Wekeni nyumbani mpira wa akiba wa namba yake, mfuko wa akiba, sirinji, glavu za pakiti zilizotakaswa, jeli na maji yaliyotakaswa ya kujazia kibaluni (sio maji ya dripu ya chumvi, chumvi inaweza kuganda kwenye kile kijinjia na kibaluni kikakataa kutoka). Hata kama nyinyi hamjui kuubadilisha, muuguzi wa zahanati ya karibu anaweza kuja lakini hana mpira wa namba yenu. Angalieni tarehe za kwisha kwenye pakiti.

ALIYEVUNJIKA MGONGO, KICHWA KINAMGONGA NA JASHO LINAMTOKA USONI

Huku kwetu wanaoanguka minazi ni wengi, wakwezi na wagema, na kuna vijana wanaishi na mpira maisha yao yote. Kama mgongo umeumia usawa wa kifua kwenda juu, mpira ukiziba yeye anaweza asisikie maumivu ya kibofu hata kidogo, ila mwili unapiga kelele kwa njia nyingine: kichwa kinagonga ghafla, uso unakuwa mwekundu au unatoka jasho jingi juu ya pale alipoumia, presha inapanda sana. Hiyo inaua, inaweza kupasua mshipa wa kichwani. Mkalishe wima mara moja usimlaze, legeza nguo na chochote kinachobana, fuata bomba utafute palipokunjika, fungua njia mkojo ushuke. Kama haushuki, mpira ubadilishwe saa hiyo na presha iwe inapimwa. Familia nzima ijue hili kwa moyo, na wafanyakazi wa zahanati pia waambiwe, wengine wanampa dawa ya kichwa wanamrudisha nyumbani.

MPIRA UNABADILISHWA KWA WAKATI LAKINI HOMA HAZIISHI

Basi kuna mlango unaoingiza bakteria na ni lazima uutafute nyumbani. Mpira na mfuko vinatakiwa viwe njia moja iliyofungwa, kila unapovitenganisha unafungua mlango. Kwetu nilikuja kugundua mzee alikuwa anachomoa mfuko kila wakati wa swala kwa sababu ya najisi, mara tano kwa siku, anauweka kwenye sakafu ya choo alafu anarudisha mwenyewe kwa mikono aliyotoka kuitumia. Na hakuwa anasema. Sikuweza kumlaumu, alikuwa anataka kusimama mbele ya Mola wake akiwa safi. Tulimuendea imamu wa mtaani, akamueleza kwamba mwenye udhuru huu anatawadha wakati wa swala ukiingia na anaswali hivyo hivyo alivyo, tukawa tunamwaga mkojo wa mfuko kabla ya adhana bila kuchomoa. Machozi yalimtoka. Kama una mzee nyumbani muulize kwa upole, asikufiche, kisha mpeleke kwa shekhe mnayemuamini.

Mlango mwingine ni safari. Mgonjwa anabebwa kwenye boti kwenda Mokowe au juu ya punda na mtu kwa huruma anampakatisha mfuko mapajani, mkojo uliolala unarudi kibofuni. Mwaga mfuko kabla ya kutoka, alafu uning'inie chini ya kiuno. Nyumbani pia uning'inie kwenye ubavu wa kitanda bila kugusa sakafu. Mwaga ukifika kama theluthi mbili, kwenye chombo chake peke yake, bomba la chini lisiguse ukingo, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada, wengi wanaosha baada tu. Kuosha pale mpira unapoingilia ni sabuni na maji ya kawaida kila siku, dettol haina haja, inababua ngozi na haimfikii aliye ndani. Kuosha kibofu kila siku kwa sirinji "ili kusafisha" nako hakutoi ukoga, na unafungua njia bure.

Alafu swali kubwa kuliko yote: bado anauhitaji? Nimeona watu wanatoka wodini na mpira na hakuna aliyewaambia utatoka lini. Mwenye tezi dume anaweza kupewa dawa za kulegeza njia na kujaribiwa bila mpira, au kupangiwa upasuaji. Kijana wa mgongo anaweza kufundishwa kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mdogo mara kadhaa kwa siku, ambao hauachwi ndani. Mwanamume asiyeziba ila anajikojolea anaweza kuvaa ule wa kama kondomu. Kila mkienda kliniki ulizeni.

VIFAA VINGINE

Ukoga hauchagui. Sindano ya dripu mkononi, pakiwa pekundu, pamoto, panauma, itolewe, usiombe imalizie chupa.

Mgonjwa wa dayalisisi, anayesafishwa damu kwa mashine, mwenye laini (mpira wa kwenye mshipa wa damu) ya shingoni au kifuani akianza kutetemeka nusu saa hivi baada ya mashine kuwashwa, kila mara akiwa kwenye mashine na nyumbani yuko sawa, hiyo ni laini, mashine inasukuma bakteria wa ukoga moja kwa moja kwenye damu. Damu ioteshwe maabara kabla ya dawa, na mara nyingi laini itabidi itolewe au ibadilishwe, hasa bakteria akiwa ni yule anayeitwa Staphylococcus aureus. Laini isilowe maji ya kuoga wala ya bahari.

Waliovunjika kwa bodaboda wakawekewa plati ya chuma kwenye mfupa, kidonda kikifunga vizuri alafu baada ya miezi pakatokea kitundu kinachotoa usaha, kinafunga, kinatoa tena, hicho hakitibiwi kwa kufungwa bendeji na vidonge vya wiki. Usaha unatoka kwenye chuma. Kupangusa usaha wa juu ya ngozi kupeleka maabara kunadanganya, daktari wa mifupa anatakiwa achukue vipande vya ndani kabisa, na aangalie kama mfupa umeunga ili chuma kitolewe. Kama haujaunga, kinaweza kuachwa kishike mfupa huku dawa zinashikilia hali mpaka uunge, na hiyo ni miezi. Mwenye betri ya moyo, ngozi ya juu yake ikiwa nyekundu au ikianza kufunuka, asikubali ichomwe sindano kuvutwa maji, aende kwa waliomuwekea.

Na meno ya bandia: kaakaa likiwa jekundu chini ya meno hayo, mara nyingi ni fangasi aina ya Candida waliojenga kwenye plastiki. Yatolewe usiku, yasuguliwe kwa brashi, yalale kwenye maji safi nje ya mdomo.